Namna ya Kukadiria Mashaka ya Kipimo katika Vipimo vya Figo

Kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) ya 124 µmol/L ikitoka mashineni, msomaji wa jibu huichukua kama namba moja iliyosimama imara, ilhali sampuli ileile ikipimwa tena baada ya kitendanishi (kemikali ya kipimo) kubadilishwa inaweza kutoa 121 au 128 bila mtu yeyote kukosea. Mashaka ya kipimo ni upana huo: eneo la thamani ambamo, kwa uwezekano unaotajwa, thamani ya kweli imo. Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, kinadai mashaka hayo yakadiriwe, na waraka wa ISO/TS 20914 wa mwaka 2019 unaeleza namna ya kuyakadiria katika mazingira ya maabara ya tiba.

Njia zipo mbili. Ya kwanza huorodhesha kila chanzo cha mashaka, yaani pipeti, joto, urefu wa mawimbi ya mwanga na muda wa mmenyuko, kisha huviunganisha kimoja kimoja. Ya pili huanza na data ambazo maabara tayari inazo, hasa zile za sampuli za udhibiti wa ubora, zisizo za mgonjwa, zinazopimwa kila siku kukagua mashine, kwa kuwa athari za vyanzo hivyo vyote zimekwisha kujidhihirisha humo. Njia ya kwanza inawafaa watengenezaji wa mashine na maabara rejea. Kwa maabara inayohudumia wagonjwa, ya pili ni nafuu na, kwa maoni yangu, ina ukweli zaidi, kwani hupima yanayotokea kazini badala ya yale tunayodhani yanatokea. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili, na kreatinini ndiyo mfano mkuu.

Hatua ya kwanza: bainisha kinachopimwa

Andika kwa sentensi moja unachokadiria: kreatinini katika seramu, kwa njia gani, kwenye mashine gani, kwa kizio gani. Sentensi hiyo inaonekana ya kiofisi tu, lakini bila hiyo makadirio hayana mwenyewe. Njia ya Jaffe, inayotumia pikriti katika mazingira ya alkali na ambayo msingi wake ni wa mwaka 1886, huguswa na vitu vingine zaidi ya kreatinini, vikiwemo protini, glukosi, asetoasetati na baadhi ya dawa za kundi la sefalosporini, huku bilirubini ikilivuta jibu upande wa chini. Njia ya vimeng'enya haiathiriki na vitu hivyo kwa kiasi hicho. Kwa hiyo maabara yenye njia zote mbili inapaswa kuwa na makadirio mawili, na yenye mashine mbili za aina moja inapaswa kuangalia kama zinakubaliana kabla ya kuzitolea namba moja.

Kizio nacho kitajwe. 1 mg/dL ya kreatinini ni sawa na 88.4 µmol/L. Kwa yurea, taka nyingine inayotolewa na figo, uangalifu uongezeke, kwa sababu baadhi ya maabara huripoti molekuli nzima ya yurea na nyingine huripoti nitrojeni yake pekee, na namba hizo mbili kwa miligramu hupishana kwa zaidi kidogo ya maradufu. Hilo si suala la mashaka ya kipimo, ni la kuripoti vitu viwili tofauti kwa jina moja, lakini huharibu ulinganisho wowote utakaofuata.

Hatua ya pili: kokotoa mtawanyiko wa muda mrefu

Hapa ndipo sehemu kubwa ya mashaka hutoka, na hapa ndipo maabara nyingi hujidanganya. Chukua data za sampuli za udhibiti za miezi sita au zaidi, kwa angalau viwango viwili, na uhakikishe zimevuka mabadiliko ya kawaida ya kazi: loti (matoleo ya kiwandani) kadhaa za kitendanishi, kusawazisha mashine mara kwa mara, matengenezo na wafanyakazi tofauti. Nyenzo ya udhibiti isiwe ileile inayotumika kusawazisha mashine, la sivyo mashine itakuwa inajisahihisha kwa kioo chake yenyewe. Matokeo yaliyokataliwa kwa sababu inayojulikana, kama vile kiputo cha hewa au sampuli iliyochanganywa vibaya, yaondolewe, kwani majibu ya wagonjwa hayakutolewa katika hali hiyo. Matokeo ya mbali yasiyo na sababu yabaki. Ukiyafuta ili jedwali lipendeze, unakuwa umepunguza mashaka kwa kalamu tu.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Sampuli ya udhibiti ya kiwango cha chini ilipimwa mara 60 kwa kila loti katika loti tatu za kitendanishi. Loti ya kwanza ilitoa wastani wa 89.0 µmol/L na mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika) wa 1.8, ya pili, 90.6 na 1.9, ya tatu, 88.4 na 1.7. Anayeitazama loti ya kwanza peke yake atagawa 1.8 kwa 89.0 na kutangaza asilimia 2.0. Hesabu hiyo inaacha nje ukweli kwamba wastani huhama kila loti inapobadilika, na mgonjwa wa ufuatiliaji wa miezi mingi atapimwa kwa loti zote.

Hesabu kamili ni hii. Pata mraba wa kila mchepuko sanifu: 3.24, 3.61 na 2.89. Wastani wake ni 3.25, na huo ni mtawanyiko wa ndani ya loti. Kisha pata mraba wa mchepuko wa wastani tatu za loti. Wastani wa jumla ni 89.33, tofauti za kila loti ni −0.33, 1.27 na −0.93, jumla ya miraba yake ni 2.59, ambayo ukiigawa kwa mbili unapata 1.29. Jumlisha 3.25 na 1.29, upate 4.54. Kipeuo chake cha pili ni 2.13 µmol/L, sawa na asilimia 2.4 ya wastani. Kutoka 2.0 hadi 2.4 huenda kukaonekana ni kitu kidogo, lakini ongezeko hilo ni mashaka halisi ambayo karatasi ya loti moja haiwezi kuyaonyesha.

Rudia kwa kiwango cha juu. Kwa kawaida asilimia hushuka kreatinini inapopanda, kwa hiyo usichukue namba moja kwa masafa yote ya kipimo. Tuseme kwa kiwango cha juu tumepata asilimia 1.8. Maabara inayowapima watoto wachanga na watoto wadogo, ambao kreatinini yao inaweza kuwa chini ya 40 µmol/L, inahitaji nyenzo ya udhibiti iliyo karibu na eneo hilo. Kukisia kutoka 89 kwenda 30 si makadirio. Kwa njia ya Jaffe shida huzidi huko chini, kwa sababu rangi inayoletwa na protini huongeza kiasi kilekile cha jibu kwa kila sampuli, na kiasi ambacho ni kidogo kwa mtu mzima huwa sehemu kubwa ya jibu la mtoto.

Hatua ya tatu: ongeza mashaka ya kalibreta

Thamani iliyoandikwa kwenye kalibreta, yaani nyenzo inayotumika kusawazisha mashine, nayo ina mashaka yake, na sampuli za udhibiti haziyaoni: thamani hiyo ikiwa juu au chini kidogo, majibu yote yatapanda au kushuka pamoja na wala mtawanyiko hautaongezeka. Namba hii hutolewa na mtengenezaji. Isipokuwemo kwenye karatasi ya kalibreta, iombe kwa maandishi, ukiuliza pia thamani hiyo imelinganishwa na nini. Kwa kreatinini mnyororo unaotarajiwa hupanda hadi kwenye spektrometria ya masi kwa kutumia isotopu na nyenzo rejea kama vile SRM 914, ambayo ni kreatinini safi, na SRM 967, ambayo ni seramu ya binadamu iliyogandishwa, zote za taasisi ya NIST ya Marekani.

Soma vizuri kama mashaka yaliyoandikwa ni sanifu (ya mchepuko sanifu mmoja) au yamekwisha kupanuliwa (kuzidishwa kwa kigezo k). Karatasi ikisema kalibreta ni 352 µmol/L, mashaka 7.0, kigezo cha kupanulia k ni 2, basi mashaka sanifu ni 3.5, yaani asilimia 1.0. Kusahau kugawa kwa mbili ni miongoni mwa makosa ya kawaida kabisa katika kazi hii.

Hatua ya nne: chunguza mwelemeo

Mwelemeo ni mashine kuegemea upande mmoja wa thamani ya kweli. Huchunguzwa kwa kupima nyenzo rejea inayotenda kama seramu ya mgonjwa, si kwa kulinganisha na wastani wa maabara zinazotumia mashine kama yako katika mpango wa tathmini ya ubora wa nje. Wastani wa kundi hukuonyesha kama unafanana na wenzako. Kundi zima likiwa limeelemea upande mmoja, utafanana nao na bado uko mbali na ukweli. Mpango unaotumia seramu halisi za binadamu, zenye thamani zilizotolewa na maabara rejea, unafaa zaidi.

Tuendelee na mfano. Nyenzo rejea ina thamani ya 152.0 µmol/L na mashaka sanifu ya 1.2. Tumeipima mara 10 katika siku tofauti, tukapata wastani wa 154.1 na mchepuko sanifu wa 2.6. Mwelemeo ni 2.1. Mashaka ya wastani wetu ni 2.6 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani 0.82. Mashaka ya mwelemeo wenyewe ni kipeuo cha pili cha jumla ya 1.2² na 0.82², yaani 1.45. Ukizidisha kwa mbili unapata 2.9, ambayo ni kubwa kuliko 2.1. Maana yake ni kwamba ushahidi hautoshi kusema mashine imeelemea upande wowote, kwa hiyo haturekebishi kitu.

Mwelemeo ukithibitika na ukawa na uzito wa kitabibu, jambo la kwanza ni kutafuta chanzo na kukiondoa pamoja na mtengenezaji. Ukishindikana kuondolewa na maabara ikaamua kurekebisha majibu kwa kigezo, mashaka ya kigezo hicho huingizwa kwenye hesabu. Baadhi ya miongozo huingiza mwelemeo usiorekebishwa ndani ya mashaka yenyewe, lakini mimi siipendi njia hiyo kwa vipimo vya figo, kwani huficha kasoro yenye mwelekeo ndani ya namba isiyo na mwelekeo.

Hatua ya tano: unganisha na upanue

Mashaka sanifu hayajumlishwi kwa kawaida. Hujumlishwa miraba yake. Katika mfano wetu: 2.4² ni 5.76, na 1.0² ni 1.00, jumla 6.76, kipeuo cha pili asilimia 2.6. Zidisha kwa 2 upate mashaka yaliyopanuliwa, asilimia 5.2, yenye uhakika wa takribani asilimia 95. Kwa kreatinini ya 124 µmol/L, asilimia 5.2 ni 6 µmol/L, kwa hiyo jibu ni 124 ± 6, au kati ya 118 na 130.

Kabla ya kufunga hesabu, tazama jinsi majibu yanavyokatwa desimali. Kreatinini ikiripotiwa kwa mg/dL na desimali moja tu, ukataji huo peke yake una mashaka sanifu ya 0.1 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani karibu 0.03 mg/dL. Kwa mgonjwa mwenye 0.7 mg/dL hiyo ni zaidi ya asilimia 4, kubwa kuliko mashaka ya mashine nzima. Maabara inaweza kununua mashine bora kuliko zote kisha ikaupoteza ubora wake kwenye mpangilio wa kompyuta. Desimali mbili kwa mg/dL, au namba nzima kwa µmol/L, zinatosha.

Hatua ya sita: linganisha na kikomo

Namba iliyopatikana haina maana mpaka iwekwe mbele ya kikomo kilichoamuliwa mapema. Kikomo kinachotumika sana hutokana na jinsi kreatinini ya mtu mmoja mwenye afya inavyopanda na kushuka yenyewe, ambayo ni karibu asilimia 4.5. Mashaka sanifu yakiwa chini ya nusu ya hiyo, yaani asilimia 2.25, ni ya kuridhisha. Yakiwa chini ya robo tatu, karibu asilimia 3.4, yanavumilika. Asilimia 2.6 ya mfano wetu iko katikati: inatumika, lakini loti inayofuata ya kitendanishi ikaguliwe kwa sampuli za wagonjwa kabla ya kuanza kazi. Kwa yurea, inayobadilika kwa karibu asilimia 14 ndani ya mtu mmoja, karibu mashine yoyote inayotunzwa itapita, na sioni sababu ya kutumia siku nyingi juu yake.

Hatua ya saba: yafikishe mashaka kwenye eGFR

Daktari haamui kwa kreatinini tu. Huamua kwa kasi ya kuchuja ya figo inayokadiriwa kutokana nayo (eGFR). Katika fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, inayokadiria kasi hiyo, kreatinini inapozidi 0.9 mg/dL kwa mwanamume au 0.7 kwa mwanamke, hupandishwa kwa kipeo cha −1.200. Kwa hiyo asilimia ya mashaka ya kreatinini huzidishwa kwa 1.2 inapoingia kwenye eGFR. Chini ya mipaka hiyo kipeo ni −0.302 kwa mwanamume na −0.241 kwa mwanamke, na mashaka ya mashine hupungua sana.

Mwanamume wa miaka 55 mwenye 124 µmol/L anapata eGFR ya 59. Weka 118 kwenye fomula, unapata 63. Weka 130, unapata 56. Mpaka wa 60, unaotenganisha madaraja ya utendaji wa figo ya G2 na G3a, umo ndani ya upana huo, na mgonjwa huyu anaweza kuvuka mpaka kwenda na kurudi bila figo zake kubadilika. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kutomwita mtu mgonjwa sugu wa figo kwa jibu moja, bali kwa hali iliyodumu zaidi ya miezi mitatu.

Usichanganye upana huu na upungufu wa fomula yenyewe. Hata kreatinini ingepimwa bila mashaka yoyote, fomula nzuri huangukia ndani ya asilimia 30 ya kasi iliyopimwa moja kwa moja kwa watu takribani 85 hadi 90 kati ya 100. Mtu mwenye misuli mingi au michache kupita kawaida, aliyekula nyama iliyopikwa muda mfupi kabla ya kutolewa damu, au anayetumia trimethoprimu au simetidini, ana kreatinini isiyoakisi uchujaji wake. Maabara haiwezi kuyaingiza hayo kwenye asilimia 5.2 yake, na isijaribu.

Hatua ya nane: majibu mawili ya mgonjwa mmoja

Majibu mawili yakitoka kwenye mashine moja na kalibreta moja, kosa la kalibreta limo kwa yote mawili na hupotea kwa sehemu kubwa katika tofauti yake. Kwa hiyo tumia mtawanyiko pekee, pamoja na mabadiliko ya asili ya mwili.

Mojawapo ya vigezo vya jeraha la ghafla la figo ni kreatinini kupanda kwa 26.5 µmol/L ndani ya saa 48. Mgonjwa akianza na 80 na kufika 106.5, mtawanyiko wa mashine kwa asilimia 2.4 na wa mwili kwa asilimia 4.5 katika majibu yote mawili huunganika kuwa 6.8 µmol/L, zidisha kwa 1.96 upate karibu 13. Kupanda kwa 26.5 ni karibu mara mbili ya hapo, na hakuna sababu ya kusitasita. Sasa chukua mgonjwa sugu anayeanza na 300, mashine ikiwa na asilimia 1.8. Hesabu ileile inatoa karibu 42. Kwake, kupanda kwa 26.5 kunaweza kuwa mawimbi ya kawaida tu. Mfumo wa kompyuta unaotoa tahadhari kwa kigezo hicho bila kutazama mwanzo ulikuwa wapi utapiga kelele nyingi za bure kwa wagonjwa hao, na maabara ndiyo yenye namba za kulieleza hilo kwa madaktari. Tahadhari isizimwe kwa sababu hiyo. Ifuatwe na kipimo cha kurudia baada ya saa chache.

Mkojo wa saa 24

Usafishaji wa kreatinini, yaani kiasi cha damu ambacho figo husafisha kreatinini yake kwa muda fulani, hukokotolewa kwa kuzidisha kreatinini ya mkojo kwa ujazo wake, kisha kugawa kwa kreatinini ya seramu na muda. Asilimia za mashaka sanifu huunganishwa kwa miraba, na zile za mashine zote kwa pamoja hazifiki tano. Lakini mtu anayekojoa mara sita akisahau kukusanya mara moja tu, ujazo umepungua kwa karibu asilimia 17. Kuripoti mashaka ya mashine pekee kwa kipimo hiki ni kumpa daktari uhakika usiokuwepo. Ni afadhali kuandika ujazo na muda kwenye jibu, na kukataa mkusanyiko ambao jumla ya kreatinini yake hailingani na mwili wa mgonjwa.

Lini makadirio yarudiwe

Kokotoa upya mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi mashine inapobadilishwa, mtengenezaji anapotangaza kalibreta yenye thamani mpya, au wastani wa udhibiti unapohama kwa loti mbili mfululizo. Hifadhi jedwali la hesabu pamoja na tarehe za data, namba za loti na matokeo yaliyoondolewa pamoja na sababu zake. Si lazima kuandika mashaka kwenye kila jibu la mgonjwa. Kinachotakiwa ni kwamba daktari anayepiga simu kuuliza kama 59 ya leo kweli ni tofauti na 63 ya mwezi uliopita apate jibu lenye namba kutoka kwa aliye zamu, papo hapo.